Soba kwa Bibi Jirani

Tulikuwa wanne jikoni kwetu Temeke: mimi, dada mkubwa; mdogo wangu wa kiume, anayebeba mizigo bandarini Kurasini; mdogo wetu wa mwisho, binti aliyerudi juzi kutoka mafunzoni Japani; na bibi jirani, kwenye kigoda mlangoni. Binti alikuwa ametuletea soba, tambi nyembamba za kijivu.

Kwa mazoea nikazivunja, nikazimwaga kwenye mafuta ya moto, mkono ukaenda kwenye sukari na hiliki.

"Dada, weee! Hizo hazikaangwi!"

Fungu la kwanza likaungua. La pili binti akalichemsha mwenyewe, akalitengenezea mchuzi wa dagaa na soya.

Harufu ile ya kuungua, rafiki yangu, ndiyo iliyonirudisha nyuma. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikawa nachoma mahindi barazani ili wadogo wasome. Jioni za Ramadhani bibi jirani alitupitishia bakuli la tambi juu ya ua wa makuti. Tamu, zina nazi, na kila mara zimeshika chini, maana bibi hapiki bila kupiga soga. Nawe unajua, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Sisi hatukuwa na cha kutia. Nililisugua bakuli kwa majivu mpaka likang'aa, nikalirudisha nikitazama chini.

"Kwani nimekudai?" alikuwa akisema. "Utalijaza ukikua."

Basi siku hiyo nililijaza bakuli soba, nikampa kwa mikono miwili. Asipokula je?

"Mmeziunguza na hizi?"

"Hapana, bibi, ndiyo rangi yake."

"Nguruwe hamna?"

"Dagaa tu, bibi."

Akavuta moja, ikalia fyuu. Binti akacheka: "Huko wanakula hivyohivyo, bibi!"

"Kumbe wana adabu," akasema, akavuta nyingine. Alipomaliza akaomba bakuli jingine la kuondoka nalo.

Siku hizi ua wa makuti haupo. Pamesimama ukuta wenye vipande vya chupa juu, na chakula hakipiti. Lazima uzunguke barabarani. Lakini usiku ule nililala mwepesi, nikijua nimelipa.

Asubuhi geti likagongwa. Bibi amezunguka mwenyewe na mkongojo wake, bakuli mkononi, limefunikwa kawa. Ndani, visheti vya moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chombo chenu hicho."

Zamu ni yangu tena.