Mafuta ya Mboga kwenye Breki

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali ya Juni, hapa Kamina, mwanangu, ambapo nusura nimuue dada yangu kwa mafuta ya mawese. Usicheke kwanza.

Dada alikuwa na mimba iliyotimia, na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa moja tu, pikapu ya baba iliyolala uani msimu mzima wa mvua. Breki ya nyuma ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikajitia ufundi. Jioni nilimiminia bulo zake, zile skrubu kubwa za kuifunga, mafuta ya jikoni. Asubuhi nikayakuta yameganda kwa baridi, mazito kama uji. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Nikabandika sufuria ya mawese kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ili niyamimine ya moto mpaka ndani, kwenye garnitiri zinazokamata gurudumu, kisha nipige nyundo.

Hapo akaingia jirani yetu Mama Kabedi, mjane wa askari aliyekuwa akitengeneza magari ya Base, kambi ya jeshi. Miaka mingi alikuwa amemshikia mumewe taa, na macho yake hayakulala. Aliiepua sufuria bila kuniomba ruhusa.

"Mutoto, ukitia mafuta ya mboga mule, gari itasimama na nini? Dada yako iko naenda kuzala, ao iko naenda kuanguka mu mutaro?"

Niliona aibu. Akafuta mawese yote, akapaka mazutu, yaani dizeli, kidogo kwenye bulo tu, akagonga taratibu pande zote, kisha, akingoja mazutu yapenye, akaketi kuongea na dada habari za mihogo. Mimi nilichemka, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwishowe akanipa ufunguo wa kufungulia bulo.

"Kaza kidogo kwanza. Chuma yenye kukamata, usianze kuibishia."

Nikaze, wakati nataka kulegeza? Nikatii. Bulo ikalia, ikasogea kidogo tu, nikairudisha, ikafunguka. Tukakwangua kutu, tukafunga, tukaijaribu uani. Mpaka leo sijaona mikono ya kuheshimiwa kama ya mama yule.

Njiani kwenda hospitali, kwenye mteremko wa reli, baiskeli iliyobeba makaa ikatukatiza. Nikakanyaga. Gari likasimama. Dada alinishika mkono. Jioni ile alijifungua salama.

Basi mwanangu, kilichokwama, kiwe chuma au moyo wa mtu, usikivamie. Muulize aliyekutangulia, kifuate kidogo upande wake, ungoje. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na kabla hujaitumia, akuletee uani Mama Kabedi wako.