Picha ya Kithaka Isiyo na Uso

Ciakuthii alikuwa na picha moja tu ya marehemu mumewe, na picha yenyewe haikuwa na uso. Usicheke. Kithaka alipotaka kitambulisho mwaka wa 1979, alipigwa picha studio mjini Embu, ameketi kitini, shati la kola pana, mikono juu ya magoti. Mpiga picha akachukua wembe, akakata uso ukabandikwe kwenye fomu, naye Kithaka akapewa kilichobaki: kiwiliwili chenye tundu la mraba. Wengi walifanya hivyo. Nani angedhani uso wake utakuja kuadimika? Baada ya miaka mitano malaria ikamchukua, mkewe akiwa na mimba, na kitambulisho kikarudishwa kwa chifu kama sheria inavyotaka.

Mimba ile ndiyo Veronicah, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na maswali yasiyoisha. Majirani humwambia kwamba yeye na babake ni shilingi kwa ya pili. Basi huishika ile picha mbele ya uso wake, akachungulia tunduni, akamuuliza mamake kama ndivyo babake alivyokuwa. Ciakuthii hujibu ndiyo. Ukweli, ambao hakumwambia hata padri, ni kwamba alikuwa amesahau. Sauti ya mumewe alikuwa nayo, hata kikohozi chake, lakini uso ulikuwa haumjii tena, na jambo hilo lilimtia haya kuliko dhambi.

Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba Mzee Ndambiri, mpiga picha yule yule wa wembe, anafunga studio, maana siku hizi kila mtu anataka picha za rangi. Kabla ya kufunga ataonyesha kazi yake ya miaka thelathini, nyeusi na nyeupe, katika ukumbi wa parokia mjini. Ciakuthii akafunga kilo mbili za ndengu, maana mkono mtupu haulambwi, akaitia picha yake ndani ya Biblia, akaenda.

Picha zilikuwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba za katani, ukuta hadi ukuta. Watu walicheka suruali zao za zamani. Ciakuthii hakucheka. Alipita uso kwa uso mpaka mwisho, akarudi tena mpaka mwanzo, Kithaka hayupo. Ndipo wazo baya likamwingia: je, kama yupo, nami nimempita nisimjue? Maskini, akaketi.

Alitaka kwenda nyumbani. Lakini angemwambia nini mtoto? Akapiga moyo konde, akamwendea Mzee Ndambiri mlangoni, akampa ndengu na ile picha, akamweleza yote, hata lile la kusahau.

Mzee hakuangalia tundu, aliangalia pazia la maua lililoonekana pichani nyuma ya kiti. Akasema lilikuwa la mkewe, na alilitumia mwaka mmoja tu kabla mama huyo hajalidai kwa kelele. Akaenda kwenye meza yenye mikebe mitupu ya mafuta ya Kimbo, kila mmoja umeandikwa mwaka.

"Mimi nilikata karatasi, mama," alisema akifungua wa 1979. "Filamu sikukata."

Akavuta kipande kimoja baada ya kingine, akitafuta shati na kiti, kisha akainua kimoja dirishani. Kwenye filamu cheusi huwa cheupe. Ciakuthii akamwona mtu mdogo ameketi, mikono magotini, nywele nyeupe pe.

"Ni yeye," akasema kabla hajaulizwa.

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Kumbe hakuwa amesahau! Kithaka alikufa hana unywele mmoja wa mvi, na leo alimwona kama ambavyo angezeeka, wakizeeka pamoja.

Mzee Ndambiri akamwambia aje Alhamisi pamoja na mtoto, picha itakuwa tayari. Akauliza aitoe ya ukubwa gani.

"Kubwa," Ciakuthii akasema. "Na ule wembe, mzee, uuweke mbali."