Mapigo Mia na Kumi na Mbili

Nawaungamia ninyi, maana darasani wameshanicheka vya kutosha. Kabla ya kusomea uuguzi niliuza mitumba hapa Babati, na sokoni nilijifunza kuhesabu kila kitu mara mbili.

Wiki iliyopita, wodini, niliambiwa nimpime Mama Naomi wa Sigino mapigo ya moyo. Yakiwa sawa, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilinawa mikono mara mbili, nikambana kifundo cha mkono kwa kidole gumba, nikahesabu dakika nzima. Mia na kumi na mbili. Nikarudia. Mia na kumi na mbili.

“Leo huendi, mama. Moyo unakimbia.”

“Mwanangu, punguza kidogo. Ng'ombe wa jirani wanamaliza mahindi yangu.”

“Mama, hapa hakuna bei ya maelewano.”

Sista msimamizi akaja, akatazama mkono wangu, akaking'oa kile kidole. Akaweka vidole vyake viwili, akapata sabini na sita.

“Kidole gumba kina mapigo yake. Umehesabu moyo wako mwenyewe, tena mara mbili.”

Mama Naomi alishavaa kandambili. “Sista, mimi naenda. Huyu mlazeni hapa.”