Fundi wa Friji wa Umbilo Road

Ezéchiel hapendi baridi, na hilo tunalijua sote tunaosali naye. Mwezi wa saba, watu wa Durban wanapotembea na kaptura na kusifia hali ya hewa, yeye huja kanisani na jaketi zito na soksi mbili mbili. Kazi yake ni kutengeneza friji. Ana kibanda Umbilo Road, kati ya saluni ya mkewe Tina na duka la simu, na kwa miaka kumi na minne amewahudumia wauza nyama na wenye maduka wa mtaa mzima. Ufundi huo alijifunza Bukavu, kabla vita havijamtoa.

Mwaka juzi meli moja ya utafiti iliingia bandarini kufanyiwa matengenezo. Ni meli nyekundu yenye pua nene ya kuvunjia barafu, na kila Desemba hupeleka wanasayansi, mafuta na chakula cha mwaka mzima kwenye kituo kimoja cha Antaktika, chini kabisa ya dunia. Vyumba vyake vya baridi vilikuwa vimegoma. Walikuja wataalamu mara mbili, wakaandika ripoti ndefu, wakaondoka. Ndipo mtu mmoja wa bandarini akamkumbuka Mkongo wa Umbilo Road. Ezéchiel alishuka tumboni mwa meli asubuhi, akakuta waya uliotafunwa na panya, na saa sita mchana vyumba vilikuwa vinagandisha.

Mkuu wa msafara ni Mkenya, Dokta Chepkoech, mwanamke mfupi anayeishi mtaa wa Berea na kufundisha mambo ya bahari chuoni. Alishuka kuona kazi ilipofikia, akamkuta fundi anaitukana kompresa kwa Kiswahili.

“Fundi, kuanzia Desemba mpaka Machi uko na kazi gani?” akamuuliza.

“Kazi yangu ni hii tu, Madame.”

“Fundi wetu wa meli ameacha. Twende na wewe Antaktika.”

Ezéchiel akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Madame, kule si iko baridi tayari?”

“Baridi sana.”

“Sasa frigo munataka ya nini?”

Dokta Chepkoech akacheka, kisha akamweleza. Huko shida si kupoza chakula. Shida ni kuzuia viazi, vitunguu na mayai visigeuke mawe kabla ya kufika kituoni. Hivyo ndivyo fundi bora wa friji niliyewahi kumjua alivyoajiriwa kuvitunza vitunguu visisikie baridi.

Zikabaki karatasi. Ezéchiel ni mkimbizi, na kwa karatasi aliyonayo alikuwa ameomba viza mara tatu kwenda Lusaka kumwona dada yake Anaïs. Mara zote tatu aliambiwa hajathibitisha kwamba atarudi. Mwanasheria wa kampuni ya meli alihangaika wiki tatu, akaja na jibu: meli inatoka Afrika Kusini na inarudi Afrika Kusini, na huko katikati hakuna serikali ya kuombwa viza. Mtu aliyekataliwa safari ya basi akaruhusiwa kwenda mwisho wa dunia.

Nyumbani, Tina alimhoji akiwa anamsuka mteja.

“Kule kuko nani?”

“Hakuna mutu.”

“Hata mumoja?”

“Ni pale kituoni tu. Inje, iko pengwini.”

Tina akamaliza msuko mmoja, akaanza wa pili. “Bon. Kama watu haiko, vita nayo haiko. Enda.”

Waliomsumbua ni sisi. Kanisani kwetu, mtu akisema anasafiri miezi mitatu na hataji ubalozi uliompa viza, tunajua anakwenda Canada. Pasta Léonidas alimweka mbele akamwombea “ndugu yetu anayekwenda Antaktika, mahali anapopajua Mungu”, na sisi tukaitikia amina huku tukikonyezana. Watu walimletea picha, sabuni za upele na salamu za jamaa zao. Mimi mwenyewe nilimpa bahasha ya binamu yangu aliyeko Montreal.

“Mi sitafika Montreal,” akaniambia.

“Najua, najua,” nikamjibu, nikamkonyeza.

Bahasha hiyo ilikwenda mpaka kwenye barafu ikarudi. Ninayo.

Melini watu waligawanywa kwa timu. Timu ya tatu, ya chakula, ilikuwa na watu sita, na kiongozi wake alikuwa Dokta Gadiel, Mtanzania wa Moshi, mhadhiri. Hakuna aliyeijua barafu kama Gadiel. Tasnifu yake yote ilihusu barafu ya Kilimanjaro, na aliiandika kwa kutazama picha za setilaiti. Bahari, kwa bahati mbaya, hakuwa ameisomea. Alitapika siku kumi na moja mfululizo. Ezéchiel ndiye aliyempelekea chai ya tangawizi na biskuti kavu.

“Ndugu yangu,” Gadiel alimwambia siku ya sita, “nikifa, nitupeni humu humu majini.”

“Haiwezekani, Docteur. Uko kwenye liste yangu ya chakula. Nikikutupa, sahani moja itabaki.”

Walipofika, meli iliegeshwa kwenye ukingo wa barafu. Kutoka hapo mpaka kituoni ni kilomita kumi na tano, na mizigo huvutwa na trekta juu ya sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu, yanayoteleza. Huko wakati wa kiangazi jua halizami, kwa hiyo kazi haina mwisho unaoeleweka. Asubuhi ya kwanza Gadiel alikuwa amepona kabisa. Aliwakusanya watu wake watano akawasomea mwongozo wa kutembea kwenye barafu: hatua fupi, magoti yalegee, mikono isiingie mifukoni. Alipomaliza alikwenda jikoni kuchukua chai, akakanyaga supu iliyomwagika sakafuni, akaanguka. Kifundo cha mguu kikavimba palepale. Barafu yenyewe alikuwa hajaikanyaga hata hatua moja.

Wenzake wakabaki wamesimama kando ya trekta. Kulikuwa na Bhekani, dereva, mtu wa mtaa wa Cato Manor hapa Durban, Lynn, mwanafunzi Mkenya, vijana wawili wa chuo, na Ezéchiel. Redio ikalia. Alikuwa Dokta Chepkoech, huko juu melini.

“Timu ya tatu, nani anaongoza sasa?”

Akauliza tena. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Ezéchiel aliona ni utovu wa adabu mama mtu mzima kuuliza hewani bila kujibiwa, akabonyeza kitufe.

“Madame, mi niko hapa.”

Alitaka tu kumjulisha kwamba yupo.

“Sawa,” redio ikajibu. “Ezéchiel anaongoza timu ya tatu. Ondokeni.”

Akarudisha redio kiunoni kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine kumshika. Halafu akafanya kitu kilichowachekesha wote. Alimpa kila mtu namba, akasema kila watakaposimama, kila mtu ataitaja namba yake kwa sauti, hata kama wamesimama kwa kukojoa.

“Papa, tuko watano tu,” Lynn akasema. “Si unatuona?”

“Leo nakuona,” akamjibu.

Hakumweleza zaidi. Mimi alinieleza miaka mingi iliyopita. Walipokimbia Bukavu walitembea vilimani siku tisa, watu thelathini na mmoja, na mbele yao alitangulia karani wa parokia, mzee msumbufu aliyewahesabu kila waliposimama mpaka wakamchukia. Walifika thelathini na mmoja.

Safari mbili za kwanza zilikwenda salama. Katika ya tatu trekta ilikuwa inavuta sleji mbili: moja ya makopo, nyingine ya kontena la mboga na mayai ambalo Ezéchiel alikuwa amelifungia hita ya umeme. Walipobakiza kilomita moja upepo uliinua theluji kutoka chini. Bendera za kuonyesha njia zikapotea, kisha anga na ardhi vikawa kitu kimoja cheupe. Ezéchiel akamwambia Bhekani asimamishe, akawashusha wote. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

“Eish, baba!” Bhekani akapiga kelele kwa Kiingereza chake. “Imebaki kilomita moja tu! Kituo kiko pale mbele!”

“Mbele ni wapi?”

Bhekani akanyoosha mkono. Lynn naye, kwa kutaka kusaidia, akanyoosha wake. Mikono hiyo ilielekea pande mbili tofauti.

“Bon,” Ezéchiel akasema. “Tunaikala hapa.”

Chumba cha trekta kina viti viwili. Mahali pekee penye joto la kuwatosha watu watano palikuwa ndani ya kontena la mboga, kwa hiyo wakaingia humo, wakajibana kati ya magunia na trei. Baada ya muda redio ikakoroma.

“Timu ya tatu, mko wapi?”

“Tuko ndani ya vitunguu, Madame.”

“Mko wangapi?”

“Watano. Tulitoka watano.”

Walikaa saa saba. Jenereta ya hita ilikuwa hatua sita kutoka mlangoni, na kila saa Ezéchiel na Bhekani walijifunga kamba, wakaenda kuitazama, wakarudi na barafu kwenye nyusi. Kila waliporudi, walihesabiana. Vijana walilalamika, halafu wakaimba, halafu wakanyamaza. Lynn ndiye aliyeuliza kile walichokuwa wanakiogopa wote.

“Papa, wewe unaogopa?”

“Sana. Ni sababu ya hiyo nahesabu.”

Hakuna aliyecheka tena namba zilipoitwa.

Upepo ulipotulia walikiona kituo wazi kabisa, paa jekundu na moshi. Hakikuwa upande wa mkono wa Bhekani, wala upande wa mkono wa Lynn.

Mpishi wa kituo aliwapokea kwa furaha kubwa mpaka alipofungua trei. Watu watano kukaa saa saba juu ya mayai si jambo dogo. Katika ripoti rasmi ya msafara, timu ya tatu imepewa mistari miwili: ilichelewa saa saba, na ilivunja mayai mia mbili na kumi. Na katika jarida la kampuni ilitoka picha nzuri ya rangi: Dokta Gadiel akiegemea magongo, pengwini nyuma yake, na chini imeandikwa kwamba huyu ndiye kiongozi shupavu wa timu ya tatu, aliyeumia kazini.

Gadiel ni mtu muungwana. Picha hiyo ilimnyima raha. Aliandikia jarida barua ya kusahihisha. Walimjibu kwamba wanashukuru kwa unyenyekevu wake. Aliposhindwa huko alikuja kanisani kwetu Umbilo Jumapili moja, bado anachechemea, akaomba nafasi, akasimulia yote bila kujificha, pamoja na ile supu. Tulisikiliza kwa makini. Ezéchiel alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Ibada ilipokwisha, Mama Félicité wa kwaya alimfuata Gadiel nje, akamshika mkono kwa upole.

“Na weye, baba, kule Canada ulikuwa muji gani?”

Dokta Chepkoech hakuandika wala kutangaza kitu. Mwaka uliofuata aliweka jina la Ezéchiel kwenye nafasi ya kiongozi wa timu, na la Gadiel chini yake, kwa ombi la Gadiel mwenyewe. Sasa Ezéchiel ameshakwenda mara mbili, na huwaandaa wapya katika ukumbi mmoja wa Berea kabla meli haijaondoka. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama. Mbele yake walikuwa vijana wanane wenye shahada, kalamu mkononi, wakisubiri mhadhara. Mmoja akamuuliza wasome kitabu gani. Ezéchiel akasema kitabu kitakuja, kwanza wazunguke jengo lote wakiwa pamoja, kisha warudi.

Walitoka wanane. Walirudi saba. Wa nane alikuwa ameona foleni ya bunny chow, ule mkate unaojazwa mchuzi, ng'ambo ya robot za kuongozea magari, akavuka, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyegundua kwamba hayupo. Alipoingia, mchuzi ukimtiririka kwenye kiwiko, Ezéchiel hakumkaripia. Alimngoja amalize kula, akawatoa tena wote nje.