Mke Wangu Alipokea Isale, na Jumatatu Naanza Kazi ya Treni

Jina langu mlifiche, tafadhali, maana huku Moshi tunajuana na kaka yangu hakosi kusoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa, nimeoa, tumepanga chumba Njoro. Mimi ni karani wa kiwanda cha kahawa. Kazi yangu ni kupima magunia, kuyasindikiza hadi kwenye behewa, kisha yenyewe yanakwenda Tanga na mimi narudi kwenye mizani. Nimechoka kusindikiza.

Mwaka huu walitafutwa vijana wa treni za mizigo. Nikaomba kimyakimya, nikapata. Nitajifunza ugadi, yaani kukaa behewa la mwisho na kulinda breki na mizigo safari nzima. Kituo changu ni Tanga, nyumbani nitaonekana kwa nadra. Nilifurahi kama mtoto. Lakini mimi ni kitinda mimba.

Kwetu Uchaggani kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, migomba yake na mzee mwenyewe. Kaka zangu walishapewa vyao. Mama alifariki, tulimzika palepale mgombani. Baba macho yamepungua, hata ng'ombe anamlisha kwa kupapasa. Nilimweleza mbele ya wazee wa ukoo, nikasema taifa linahitaji vijana wa reli. Akaweka chini kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Taifa lina vijana wengi. Mimi nina kitinda mimba mmoja. Nenda kalale na mabehewa, na nikifa usije kunizika!"

Niliteremka mlima kwa hasira.

Alhamisi iliyopita, nikiwa kazini, mzee akashuka peke yake mpaka Njoro, na macho yale. Mkononi ana jani la isale. Kwa msiojua, Mchagga akikuletea isale amekuomba radhi, na hukatai hata kama alikuulia ng'ombe. Ukilipokea, umekubali na analoliomba. Mzazi kumletea mwanawe, mimi sijapata kusikia.

Aliyemkuta ni mke wangu. Kwao ni Singida, ila amezaliwa huku chini kwenye kambi za shamba la miwa. Isale kwake ni ua. Akamwamkia, akalipokea kwa mikono miwili.

Baba akasema, "Mpe mwenzako, mama. Mwambie maneno yangu nimeyafuta, arudi nyumbani."

"Asante baba, nitamwambia." Akalitia kwenye glasi ya maji, akapamba meza!

Nilipolikuta nikamweleza maana yake. Mke wangu akalia, "Mbona hukunifundisha hata siku moja?" Kweli, sikumfundisha.

Kesho yake kaka akanifuata kiwandani. "Mzee ameshawaambia ukoo kwamba umekubali. Tangu asubuhi anakufagilia chumba."

"Sikulipokea mimi," nikamwambia.

"Limepokelewa nyumbani kwako. Basi."

Jumatatu asubuhi natakiwa stesheni, na nisipofika nafasi anapewa mwingine. Nikilirudisha isale, nitakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumkatalia baba yake radhi. Nikibaki, naogopa kila treni itakapopiga honi huko chini nitamchukia mzee wangu, na ndiye mzazi pekee niliyebaki naye. Silali, sili. Ndugu zangu, na hasa nyinyi wazee mnaojua mila, nishaurini kabla ya Jumatatu: nitamwambiaje baba kwamba radhi yake naitaka, ila kihamba sikitaki?