Unga wa Matofali Mabovu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyokemewa na mzee mkimbizi mbele ya vibarua wangu. Nilistahili.

Nilikuwa fundi wa nyumba za udongo hapa Mugoma, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilikuwa imejaa watu kuliko macho yangu yalivyowahi kuona, na saruji ilikuwa haipatikani. Nami nilikuwa najenga tangi la maji ya mvua kwenye zahanati. Kinamama waliokwenda kujifungua walipandisha maji kutoka bondeni, na mama yako alikuwa na mimba yako. Kuta zilikwisha simama, lakini saruji iliniishia kabla ya kupiga lipu, na mvua ilikuwa inakaribia.

Mzee Gaspari alikuwa fundi kwao Rwanda. Alikuja kutafuta kibarua, akatazama shimo tulikotupa matofali ya tanuri yaliyovunjika na yasiyoiva.

"Saruji yenu mmeitupa humu," akasema.

Nilicheka, na vibarua wakacheka kwa kuwa nimecheka mimi. Mzee aliazima kinu, akatwanga vipande vile, akachekecha unga mwekundu, akauchanganya na chokaa na mchanga. Akafinyanga madonge mawili. "Moja langu, moja lako. Litunze."

Mimi, mtoto wa udongo, nilifanya tunachofanya kwa kila tofali: nikalianika juani. Yeye lake alilifunika kwa majani ya mgomba, akawa analinyunyizia maji asubuhi na jioni. Nilimwona kama anayemwagilia jiwe, nikamwonea huruma.

Baada ya wiki mbili langu lilimomonyoka vidoleni.

"Umeliua kwa kiu," aliniambia, na safari hii alikaza sauti. "Udongo unataka jua. Hili linataka maji. Kijana, kuuliza kungekupunguzia nini?"

Lake alilitumbukiza kwenye ndoo ya maji, likalala humo siku tatu. Nilijua tutakuta uji. Alilitoa, akanipa nyundo. Niligonga, nikagonga tena, likalia kama jiwe la mtoni. Mwanangu, mwili ulinisisimka. Takataka niliyoitupa kwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa imekunywa maji ikawa mwamba.

Tulipiga lipu tangi zima kwa unga ule, nami nikalinywesha maji kila siku, bila kukumbushwa. Mvua ikanyesha, tangi likajaa hadi juu. Niliuzungusha mkono ukutani kwa nje nikitafuta unyevu, sikuupata. Nilikwenda Benaco kumwomba radhi yule mzee. Nikaambiwa wenzake wa kambi walikwisha ondoka naye, hakuna aliyejua wapi.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Basi shika haya. Kabla hujatupa kitu, uliza kinaweza kufaa nini, na kabla hujamcheka mtu, muulize anajua nini. Ukikutana na jambo jipya, usilitendee kwa mazoea uliyozaliwa nayo, hata kama yamekulisha miaka yote. Na radhi usiiahirishe.

Maji ya kwanza ya tangi lile ndiyo uliyoogeshwa ulipozaliwa. Mungu akupe macho ya kuona kilicho miguuni pako, akupe na ulimi mwepesi wa kushukuru wakati mwenye fadhila bado yupo.