Mpima Gesi Aliyeacha Kujipaka Mafuta

Saa mbili asubuhi, jua la Lodwar limeshachachamaa, na Athieng Malith anasugua mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Anaikausha, kisha anavaa glavu ndefu. Ngozi yake imepauka kama ya mtu aliyeshinda akipaka chokaa, naye hajali hata kidogo.

"Watu wa soko wananiuliza kama mafuta imeisha dukani," anasema akicheka. "Nawaambia hapana, ni kazi tu inataka hivi."

Kazi yenyewe haipatikani kila mtaa. Ndani ya godauni hii ya kukodi, iliyogeuzwa maabara, kuna tangi la chuma, na pampu hulinyonya hewa mpaka ndani kunabaki utupu kama wa angani. Katikati hufungwa injini ya setilaiti ndogo, isiyozidi kidole gumba, inayotema gesi kidogo kidogo ili kuigeuza setilaiti. Athieng, mwenye miaka ishirini na saba, huizungushia mkono mwembamba wa chuma wenye kipimio, vituo mia moja na arobaini kwa siku, akiandika gesi inatawanyika wapi na kwa nguvu gani. Gesi ikirudi nyuma itaipiga setilaiti yenyewe na kuiyumbisha.

Alizaliwa Bor, Sudan Kusini, akafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa mgongoni mwa mama yake. Huko alijifunza kutengeneza redio na simu, na wepesi wa vidole vyake ukamvutia Injinia Chelangat, anayeongoza maabara hii. Akapewa mkataba wa miezi sita. Barua ya mkataba huo ndiyo inayompatia kibali cha kutoka kambini na kuishi Lodwar, kilomita mia moja na ishirini kutoka kwa mama yake. Bila barua, hana safari.

Mwezi wa tano wa mkataba mambo yalienda mrama. Vipimo vilionyesha gesi nyuma ya injini, mahali panapotakiwa pasiwe na kitu. Siku nne mfululizo, jibu lile lile. Chelangat akaanza kuandika ripoti ya kuikataa injini, jasho la miaka miwili la mafundi wenzao.

Siku ya tano Athieng aliona doa linalong'aa kwenye mkono wa kipimio. Lilikuwa la mafuta. Kila asubuhi alikuwa akijipaka mafuta ya simsim, kama mama yake alivyomzoesha, maana ukavu wa Turkana hupasua ngozi. Glavu za siku zile zilikuwa fupi, na kila alipoingiza mkono tangini kukifunga kipimio kabla ya hewa kuvutwa, ngozi iliyo juu ya kiganja iligusa chuma. Ndani ya utupu mafuta yalitoa mvuke, na kipimio kikauhesabu kuwa ni gesi ya injini.

Angeweza kulifuta doa lile na kunyamaza, injini ikataliwe.

"Nilifikiri kibali yangu. Nilifikiri mama," anasema. "Halafu nikaona, hawa watu wametengeneza injini mzuri, na mimi nataka kuiua kwa sababu ya uoga."

Akamwendea Chelangat, akamwonyesha doa. "Madam, injini iko sawa. Hiyo mafuta ni yangu."

"Una uhakika?"

"Tuvute hewa bila kuwasha injini. Kama kipimio itasoma, ni mimi."

Kikasoma vile vile, injini ikiwa imezimwa. Walisafisha tangi kwa spiriti siku mbili, wakarudia vipimo vyote. Nyuma ya injini hapakuwa na kitu.

Chelangat hazungushi maneno. "Nilikasirika, sidanganyi. Siku nne zimeenda bure. Lakini mashine naweza kununua. Mtu wa kuniambia ukweli hivyo, sijui anauzwa wapi."

Mkataba ulipoisha, alimwandikia mwingine, wa miaka miwili.

Sasa Athieng anajiandaa kusomea diploma ya fizikia, na injini ile imepangiwa kuruka mwakani. Siku hiyo anataka awe Kakuma, amkalishe mama yake nje na kumwonyesha upande wa kutazama.

"Mimi naomba karatasi kufika Lodwar tu," anasema. "Hiyo itapita juu ya Bor, juu ya nyumba yetu, bila kuuliza mtu. Na kila mahali itageuka, inageuka na hesabu yangu."